Fua Kabla ya Kushona: Historia ya Kitambaa Kipya

Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii. Kama unaye mtoto wa kunyonya, mpakate, keti vizuri, tuzungumze.

Leo sizungumzii chanjo wala uji wa mtoto. Leo nazungumzia kitambaa.

Siku moja kliniki mama mmoja mjamzito, aliyekaribia kujifungua, alinionyesha nguo alizomwandalia mtoto. Alikuwa amenunua flaneli ya bluu na kipande cha kitenge sokoni, akampelekea fundi siku iyo hiyo. Nguo zilikuwa nzuri, zimeshonwa kwa makini, bado zinanukia duka. Nikamuuliza, "Kitambaa ulikifua kabla ya kumpa fundi?"

Akacheka. "Sista, si ni kipya? Kipya nacho kinafuliwa cha nini?"

Hilo ni swali zuri, na wengi wetu tungeuliza vivyo hivyo. Tunaamini kwamba kitu kipya ni kitu safi. Lakini ukitaka kujua kama kitambaa ni safi, uliza kwanza kimetoka wapi, kimetiwa nini njiani, na kimetiwa kwa faida ya nani. Majibu ya maswali hayo ni historia ndefu. Hebu tuifuate pamoja.

Wanga wa mfumaji

Tuanze na mfumaji mwenyewe. Kitambaa hufumwa kwa nyuzi za aina mbili. Kuna nyuzi za mtande, ambazo huvutwa kwa urefu na kukazwa kwenye kitanda cha mfumaji au kwenye mashine. Halafu kuna nyuzi za mshindio, ambazo hupita katikati yake kutoka upande hadi upande. Nyuzi za mtande huvutwa na kusuguliwa sana, na zikiwa kavu hukatika. Kwa hivyo tangu zamani wafumaji wamezipaka wanga: uji wa mchele, wa ngano au wa nafaka nyingine. Wanga ukikauka, uzi huwa mgumu na haukatiki ovyo.

Hadi hapo hakuna ubaya. Wanga ni chakula. Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, wanga unabaki ndani ya kitambaa mpaka mtu aufue. Kwa kuwa ni chakula, ukipata unyevu, ukungu nao hula. La pili, kitambaa kilichofumwa huku kimevutwa hukaa kimevutwa. Siku kitakapoingia majini, nyuzi hulegea na kurudi mahali pake. Ndiyo maana tunasema nguo "imerudi". Haikuharibika, imerudi ilivyokuwa kabla haijavutwa.

Meli za merikani

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliandikiana mkataba wa biashara na Marekani. Meli kutoka mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa hicho watu wa pwani walikiita merikani, na wazee wetu wengi bado wanakijua kwa jina hilo.

Merikani ilisafiri na misafara hadi bara. Ilitumika kama fedha. Ilipimwa kwa mkono: mikono minne ilifanya upande mmoja, na mikono minane ilifanya doti. Hebu fikiria mwenye kupokea doti yake kama malipo. Alipimiwa kitambaa kikavu, chenye wanga, kilichovutwa. Alipokifua, doti haikuwa tena doti kamili. Muuzaji alipima kabla ya maji. Mnunuzi alijua kipimo cha kweli baada ya maji.

Halafu kukawa na vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865. Pamba ikakosekana, na merikani ikaadimika Zanzibar. Vitambaa vya Uingereza na vya India vikapata nafasi. Na hapa ndipo historia yetu inapoanza kuingia udongo.

Udongo ndani ya nguo

Viwanda vikubwa vya pamba vya Uingereza vilikuwa katika eneo la Lancashire na miji ya jirani. Wafumaji wa huko walikuwa wakipaka nyuzi unga uliochanganywa na mafuta ya wanyama, na mengi ya mafuta hayo yalitoka Urusi. Vita vya Crimea, vya 1853 hadi 1856, viliyafanya mafuta hayo kuwa ghali. Wenye viwanda wakatafuta kitu cha bei nafuu, wakapata udongo mweupe laini, ule ule wa kutengenezea vikombe vya kauri.

Vita vya Marekani vilipokata pamba nzuri, udongo ukaongezwa. Pamba iliyopatikana ilikuwa na nyuzi fupi na dhaifu, ikahitaji kupakwa zaidi ili ifumike. Kisha wenye viwanda wakagundua jambo jingine: udongo una uzito, na kitambaa kizito humfanya mnunuzi aamini kwamba ni imara. Kulikuwa na vitambaa ambavyo uzito wa vitu vilivyopakwa ulikaribia uzito wa pamba yenyewe. Na kwa sababu unga huota ukungu katika safari ndefu ya baharini, walitia pia kemikali za zinki ili kuzuia ukungu huo.

Wa kwanza kuumia walikuwa wafanyakazi. Katika mji wa Todmorden wafumaji walilalamika kwamba vumbi la udongo linawaumiza vifua, na mwaka 1872 serikali ikamtuma daktari aliyeitwa George Buchanan kuchunguza. Mnunuzi wa mbali naye hakuambiwa chochote. Aliona kitambaa kizito, kinyoofu, kinachong'aa. Alipokifua maji yakawa meupe kama maziwa, na mkononi akabaki na kitu chepesi kama chandarua.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini ng'ao wa dukani ulitiwa kwa ajili ya kuuza. Haukutiwa kwa ajili ya ngozi ya mtoto.

Mama zetu wa pwani walilifahamu jambo hili kwa mikono yao wenyewe. Leso mpya hutoka dukani ikiwa ngumu kama karatasi, na ndivyo ilivyokuwa tangu biashara ya leso ilipopamba moto Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa alama ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887. Mama akinunua leso huikata jozi, huipinda, na kuiloweka ili itoke wanga na rangi ya ziada, ndipo ambebee mtoto. Hakusoma kitabu. Aliona tu kwamba leso isiyofuliwa humwachia mtoto rangi na muwasho.

Nepi zilizowageuza watoto rangi

Na hiyo rangi, imetoka wapi? Zamani rangi za nguo zilitoka kwenye mimea, kama vile nili iliyotia kaniki weusi wake. Mwaka 1856 kijana wa Uingereza mwenye umri wa miaka 18, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Alishindwa kupata kwinini, lakini akapata rangi ya zambarau kutokana na anilini, kemikali inayopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe. Baada ya hapo rangi za viwandani zikaenea duniani kote.

Miaka 30 baadaye likatokea jambo ambalo kila mama anafaa kulijua. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Uingereza aliyeitwa Rayner alitoa taarifa kuhusu watoto wachanga waliogeuka rangi ya bluu. Midomo na ngozi zao zilikuwa kama za mtu aliyekosa hewa, ilhali hawakuwa na homa ya mapafu wala ugonjwa wa moyo. Chanzo kilikuwa nepi zao. Nepi hizo zilikuwa zimepigwa mhuri kwa wino wenye anilini. Mtoto alipokojoa, unyevu na joto la mwili viliifanya anilini ipite kwenye ngozi na kuingia katika damu. Damu ikashindwa kubeba hewa vizuri.

Matukio kama hayo yalirudiwa mahali pengine katika karne ya 20, hadi hospitali zikajifunza kanuni moja: nepi iliyopigwa mhuri isimguse mtoto kabla haijafuliwa na kuchemshwa. Maji ya moto na sabuni yalitosha kuondoa hatari iliyokuwa ikiwaweka watoto katika hatari ya kufa.

Kwa nini watoto waliumia na wauguzi walioshika nepi zile zile hawakuumia? Sababu ni tatu. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba. Mwili wake ni mdogo, lakini ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hivyo kinachopita kwenye ngozi humfikia kwa wingi. Tena yeye hukaa na nguo yenye unyevu, saa nyingi, bila kuweza kusema inawasha.

Nguo isiyokunjamana

Katika karne ya 20 viwanda vilijaribu kutatua shida mbili za wanunuzi. Shida ya nguo kurudi ilishughulikiwa na Mmarekani Sanford Cluett, aliyepata hataza mwaka 1930 kwa mashine inayokikaza kitambaa kiwandani ili kisipungue sana nyumbani. Lakini si kila kitambaa kinachouzwa kwa mita sokoni kimepitia kazi hiyo. Pamba ya kawaida inaweza kupungua sentimita tano au zaidi katika kila mita.

Shida ya pili ilikuwa mikunjo. Kampuni ya Tootal ya Manchester ilipata njia ya kutia pamba kemikali ili isikunjamane, na ikaanza kuuza vitambaa hivyo miaka ya 1930. Kemikali iliyotumika ni fomaldehaidi. Ikiwa ndani ya maji tunaiita fomalini, ile inayotumiwa kuhifadhi maiti. Kiasi kinachobaki kwenye nguo ni kidogo, lakini kwa baadhi ya watu huleta vipele, wekundu na muwasho, hasa mahali nguo inapobana: shingoni, kwapani na mapajani. Japani ilitunga sheria mwaka 1973 kuhusu kemikali hatari katika vitu vya nyumbani, na nguo za watoto wa chini ya miaka miwili zikawekewa masharti makali kabisa juu ya fomaldehaidi.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya fomaldehaidi iliyolegea hutoka kwa maji na sabuni. Muwasho mwingi ninaouona kliniki una sababu nyingine, kama joto, fangasi au sabuni isiyosuuzwa. Lakini mama akiniambia, "Vipele vilianza siku alipovaa gauni jipya," swali langu la kwanza ni kama lilifuliwa.

Tembe nyeupe za sandukuni

Sasa, mpenzi msikilizaji, nisikilize kwa makini, kwa sababu hapa maji na sabuni pekee havitoshi.

Unazijua zile tembe nyeupe zenye harufu kali. Wengine huziita dawa ya nondo, wengine dawa ya mende. Nyingi zimetengenezwa kwa naftalini. Zimo katika masanduku ya nyanya zetu, na zimo katika makabati ambamo shali na blanketi za mtoto husubiri siku ya kuzaliwa.

Mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki walichapisha habari za watoto wachanga 21 ambao damu yao iliharibika baada ya kuvuta hewa ya naftalini kutoka kwenye nguo na blanketi zilizohifadhiwa kwa tembe hizo. Chembe nyekundu za damu zilipasuka, watoto wakawa na manjano kali, na baadhi yao wakafariki. Wengi wa watoto hao walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi iliyogunduliwa mwaka 1956. Mtu mwenye upungufu huo huishi vizuri tu, mpaka akutane na kitu kinachochokoza damu yake.

Hali hiyo inatuhusu sana. Huonekana zaidi katika sehemu ambazo malaria imekuwako kwa vizazi vingi, na kwetu Kenya hizo ni pamoja na Pwani, Nyanza na Magharibi. Mama hawezi kujua kwa kumtazama mtoto kama anayo. Na mtoto aliyepakwa mafuta mengi huipokea naftalini kwa urahisi zaidi, kwa sababu huyeyuka kwenye mafuta.

Miaka michache iliyopita nilimtembelea mama aliyejifungua, mtoto akiwa na siku nne. Nilipofungua mlango nilisikia ile harufu. Mtoto alikuwa amefunikwa shali nzuri ambayo nyanya yake aliihifadhi kwa miaka mingi. Macho yake yalikuwa ya manjano, na nyayo pia. Hakutaka kunyonya. Tukamkimbiza hospitali, akawekwa chini ya taa maalumu, na Mungu akasaidia, akapona. Siwezi kuapa kwamba ni shali ile, kwa maana manjano ina sababu nyingi. Lakini nilirudi nyumbani na jambo moja moyoni: mama huyo alikuja kliniki yangu mara nne akiwa mjamzito. Nilimwambia aandae nguo za mtoto. Sikumwambia hata siku moja kuhusu tembe. Tangu siku hiyo huwaambia wote.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, fua kitambaa kabla ya kukikata. Ukikifua baada ya kushona, wanga utatoka lakini nguo itarudi, mishono itavutana, na bitana itapungua tofauti na kitambaa cha juu. Kwa hivyo fua vyote viwili. Pita ncha zilizokatwa kwa sindano na uzi zisifumuke, kisha loweka kitambaa usiku mmoja.

Pili, tumia maji ya moto kiasi ambacho kitambaa kinavumilia, na sabuni ya kawaida. Suuza mara mbili au tatu, mpaka maji yawe maangavu. Chumvi haisaidii sana kwa rangi za siku hizi. Kusuuza ndiko kunakosaidia. Rangi nzito ifuliwe peke yake.

Tatu, anika juani, mahali pa wazi, juu ya kamba. Usitandaze nguo za mtoto kwenye nyasi. Kisha piga pasi ya moto pande zote mbili. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Joto la pasi huyaua mayai hayo.

Nne, mwambie fundi mapema. Mwambie, "Fundi, kitambaa hiki nimekwisha kukifua." Kama unanunua kwa ajili ya kushona, ongeza kidogo juu ya kipimo, kwa sababu kitapungua. Nguo za mitumba nazo zifuliwe vivyo hivyo kabla ya kuvaliwa.

Tano, usitumie tembe za naftalini kwa nguo, shali, blanketi au nepi za mtoto, wala usiziweke katika chumba anacholala. Nguo iliyokwisha kukaa nazo usimvalishe mtoto mchanga hata kama imefuliwa mara moja, kwa maana naftalini haitoki kwa urahisi. Mpe nguo nyingine. Kama wataka kuhifadhi nguo, zifue, zikauke kabisa, uzifunge kwenye mfuko safi.

Sita, zijue dalili. Mtazame mtoto mchanga kwenye mwanga wa mchana: weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Akiwa na manjano katika siku yake ya kwanza ya kuzaliwa, au manjano imefika viganjani na nyayoni, au hanyonyi, analala kupita kiasi, analia kwa sauti kali, anajikunja nyuma kama upinde, au mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali mara moja. Usingoje kesho. Usimweke juani ukidhani hiyo ni dawa. Endelea kumnyonyesha mkiwa njiani. Na mtoto akigeuka bluu midomoni, hiyo ni dharura, bila kuuliza sababu.

Mpenzi msikilizaji, hakuna mfumaji, mwenye kiwanda wala mwenye duka katika historia hii aliyekusudia kumdhuru mtoto. Kila mmoja alitia kitu chake kwa sababu zake: uzi usikatike, ukungu usiote, mnunuzi apendezwe, nguo isikunjamane, nondo wasile. Kitambaa kilipita mikono hiyo yote, na mikono ya mwisho kabla ya ngozi ya mtoto ni ya kwako.

Yule mama wa flaneli ya bluu alizifua nguo zake, ingawa zilikuwa zimekwisha kushonwa. Kliniki iliyofuata akaniletea habari. Maji ya kwanza yalitoka na rangi, ya pili yakatoka meupe kama ya kuoshea mchele, na gauni la kitenge lilikuwa limerudi upana wa vidole viwili. "Sista," akaniambia, "ningemvalisha mtoto wangu maji yale yote."

Heri kinga kuliko tiba. Tukutane tena juma lijalo. Kwa sasa, mimi muuguzi wako nakutakia wewe na mtoto wako afya njema.